Hita Iliyozibwa Mdomo

Mkwe wangu alizaliwa na spana mkononi. Mkunga alipotaka kumnyang'anya, mtoto akagoma, akaikaza kwanza miguu ya kitanda iliyokuwa inacheza chini ya mama yake, ndipo akalia. Msinibishie. Mimi sikuwepo, na nyinyi hamkuwepo. Ndiyo maana watu wote wanamwita Spana, na lile jina alilopewa na wazazi wake, hata ukimwita nalo masikioni, hageuki.

Alianza kazi akiwa utingo. Alilala juu ya magunia, akaamka na vumbi mpaka kwenye kope, na kazi yake kubwa ilikuwa kuruka chini lori likishindwa mlima na kusukumia gogo nyuma ya tairi kabla halijarudi nyuma na mzigo wa watu. Baadaye akawa dereva. Tajiri wake alipochoka na lori moja kuukuu akamwachia, na Spana akalitengeneza na kulitengeneza mpaka kitu pekee cha zamani kilichobaki ni honi. Akapata na la pili. Siku hizi ni tajiri wa malori mawili, anabeba mizigo mji hadi mji na kuvuka mpaka, na akipita mtaani watoto wanapiga mikono hewani ili awapigie honi.

Lakini utingo haukumtoka mwilini. Mtu aliyekulia njiani anajua jambo moja: kilicholegea kinaua. Kamba ikilegea, mzigo unamwagika kwenye kona. Nati ikilegea, unaona tairi linakupita kushoto, unajiuliza ni la nani, kumbe ni lako. Na huko njiani hakuna fundi wa kumpigia simu, unaziba kwa ulichonacho na unafika. Kwa hiyo Spana hawezi kuona kitu kinacheza, kinatikisika au kinavuja akakiacha.

Njooni muone nyumba yake. Kamba ya kuanikia nguo ameifunga kwa fundo la turubai, likizidi kuvutwa linazidi kuuma. Meza ya kulia chakula ameipigilia bolti sakafuni, ukitaka kufagia chini yake sharti ulale kifudifudi. Mlango wa bafu wa mbao ulipovimba kwa maji, akautupa, akatengeneza mwingine kwa ubao wa nyuma wa bodi ya lori, pamoja na bawaba zake za chuma na lile komeo kubwa linalovutwa kwa mikono miwili. Binti yangu alipouona akashika kiuno.

"Baba we, hili ni bafu au ghala la saruji?"

"Huu hata tembo haufungui," Spana akamjibu, akaupiga kofi kama anavyopigwa ng'ombe mzuri.

Na kweli. Mimi mwenyewe nilifungiwa humo siku moja mpaka nikaanza kuota mizizi miguuni. Walipokuja kunitoa walinikuta nimechipua majani mawili.

Sasa, binti yangu alikaa miaka mingi kwenye ndoa bila mtoto, mpaka watu wakaacha kuuliza, na wakiacha kuuliza ndipo inapouma zaidi. Kisha mtoto akaja. Wa kike, macho makubwa, kelele kubwa kuliko mwili. Tukamwita Mgeni, kwa sababu tulimsubiri mpaka chakula kikapoa. Spana alipomshika mara ya kwanza alimshika kama yai lililokwishapata ufa. Nilimwona, mkwe wangu anayeinua tairi la lori peke yake, akikibeba kwa mikono miwili kitu chenye uzito wa chupa ya chai.

Kwa ajili ya Mgeni akanunua hita. "Mwanangu hataoga maji ya sufuria," akasema. Fundi bomba akaja akalifunga lile tangi jeupe juu ukutani, bafuni, pale pale tunapoogea. Chini ya tangi palikuwa na kidude cha shaba chenye mdomo mdogo unaoangalia sakafu. Fundi akatuonyesha kwa kidole.

"Hiki msikiguse. Maji yakizidi moto, tangi linajaa, basi hiki kinafunguka kinatema."

Mimi nilisikia. Spana hakusikia, alikuwa anazikaza upya nati ambazo fundi alikuwa ametoka kuzikaza.

Hita ikafanya kazi vizuri kwa muda, halafu kile kidude kikaanza kudondosha. Si maji mengi. Tone, unangoja, tone. Watu wengine wote ndani ya nyumba tulilisahau. Spana alikuwa anageuka kitandani kama mtu mwenye upele. Asubuhi moja akaingia bafuni na kipande cha mpira wa ndani wa tairi na bolti aliyoiokota kwenye kopo lake la vyuma. Akaivisha bolti ule mpira, akaisokomeza kwenye mdomo wa shaba, akaikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Ndivyo wanavyofanya njiani. Mpira wa breki wa tairi moja ukipasuka ukawa unavujisha upepo, wanaukunja, wanaubana kwa waya, na lori linafika nyumbani kwa breki za matairi yaliyobaki.

"Umeona, Mama?" akaniambia, anafuta mikono. "Kimya."

"Baba, yule fundi alisema kidude hicho kazi yake ni kutema."

"Kimeshatema vya kutosha."

Basi likaisha hilo. Tukakaa na hita yetu iliyozibwa mdomo, tukaoga, tukashukuru.

Siku ninayotaka kuwaambia ilikuwa mchana, mvua imetoka kukatika. Barabara ilikuwa imeharibika, mizigo imekwama ghalani, na malori ya Spana yalikuwa yamesimama uani na matope mpaka kwenye vioo. Matajiri wa malori wasipokuwa na safari huwa kama kuku waliofungiwa, hawajui waweke wapi miguu. Wakaja wenzake wawili kupiga soga barazani. Mmoja tunamwita Bonge. Yeye akikaa kwenye kiti, kiti kinaomba dua. Anabeba saruji, na anacheka kabla hujamaliza kusema. Wa pili ni mwembamba, mrefu, zamani tulimwita Njiti. Tangu aliponunua mashua ndogo ya tanga ya kuchezea ziwani siku za mapumziko, anataka aitwe Nahodha, na asipoitwa hivyo haitiki.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu, nachambua mchele, mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta. Nyuma ya ukuta huo ndiko bafuni.

"Choo changu kimenishinda," Bonge akaanza. "Nikivuta maji kinalia siku nzima, kama lori linapanda mlima na kreti za chupa."

"Badilisha kile kiboya cha ndani ya tangi," akasema Spana.

"Nilibadilisha. Nikaweka kopo tupu la mafuta ya breki."

"Bonge!"

"Lilielea vizuri tu, ndugu yangu. Tatizo sasa choo kikijaa hakijui kama kimejaa."

Wakacheka. Spana alikuwa anazungusha nati kubwa kwenye kidole chake kama pete, tabia yake akiwa amefurahi. "Ungeniita mimi. Hita yangu ilikuwa inavuja, sikumwita mtu. Bolti moja, mpira wa tairi kidogo, mchezo umekwisha. Leo nenda bafuni kasikilize. Hakuna tone."

"Fundi yuko hapa," Bonge akasema. "Nahodha, mwambie akazibe na ile mashua yako."

"Mashua yangu haivuji."

"Haivuji, inazama tu."

Nahodha akanuna. Ilikuwa imeshajulikana mji mzima kwamba mapumziko yaliyopita walimvua ziwani kama kambale.

Wakati huo binti yangu akatokea mlangoni, Mgeni begani, beseni kubwa la bluu mkononi, taulo limening'inia shingoni. "Shikamooni. Mnapiga kelele kama mko mnadani. Huyu namwogesha alale, na mtu akimwamsha nitamwogesha yeye."

"Marahaba, mama," akasema Bonge. "Mimi beseni hilo halinitoshi."

Akaingia ndani. Tukasikia mlango wa bafu ukifungwa, na lile komeo likianguka mahali pake: gwaa! Lazima alifunge, kwa sababu lisipofungwa mlango ule mzito unarudi wenyewe ukumbini na kumgonga anayepita.

Nikaendelea na mchele wangu. Ndipo nikahisi kitu mgongoni. Sikusikia, nilihisi. Ukuta ulikuwa unatetemeka, kwa mbali, kama tumbo la mtu aliyelala njaa.

"Jamani," nikasema, "ukuta huu unanguruma."

Bonge akaanza kucheka hapo hapo. "Bibi, juzi si ulituambia panya ameiba lori la Spana?"

"Sikusema ameiba. Nilisema alikuwa anapiga honi."

"Na aliyeshika usukani?"

"Mwenzake. Sasa nawaambia ukuta unanguruma."

"Ni panya hao, wamewasha injini," akasema Bonge, na wote watatu wakaangua kicheko. Mtu akishasema panya anaendesha lori, ana kazi kubwa ya kuaminiwa habari za ukuta. Lakini niliuweka mgongo wangu palepale, na mkono ukasimama juu ya ungo.

Nahodha alikuwa anangojea nafasi yake. "Mnacheka kuzama kwangu, hamjui kilichotokea. Upepo ulikuwa mzuri. Mashua inakata maji, imelala upande kidogo, raha tupu. Sasa kuna kamba ile inayolishika tanga. Aliyenifundisha aliniambia, hiyo unaishika mkononi muda wote. Mimi mkono ukachoka. Nikasema, mimi nimefunga turubai juu ya mizigo maisha yangu yote, kamba moja itanishinda? Nikaifunga."

"Ukaifunga fundo gani?" akauliza Spana.

"Letu. La turubai."

Spana akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Hilo halifunguki."

"Ndiyo hivyo. Halikufunguka." Nahodha hakuwa anacheka tena. "Ukaja upepo mwingine, wa ghafla, mkubwa. Kumbe pale unatakiwa ulegeze kamba tu, tanga linapepea, upepo unapita zake. Mimi navuta fundo, fundo linazidi kuuma. Upepo umejaa kwenye tanga hauna pa kutokea. Nilitafuta kisu mfukoni. Sikukipata. Mashua ikanigeukia kichwani."

Mgongoni kwangu ukuta ukaanza kugonga. Haukuwa unanguruma tena. Tu. Tu-tu. Tu.

"Kwa hiyo tanga nalo lina chafya zake," akasema Bonge, sasa kwa sauti ya kufikiri. "Kama lori."

Hili nalijua hata mimi. Lori likishajaza upepo wa breki kwenye matangi yake, linapiga chafya chini ya tumbo, psss! Linatoa kilichozidi. Nimelisikia uani kwetu siku zote, kuku wanaruka, watoto wanacheka.

"Mimi lori likikaa muda mrefu halijapiga chafya," Bonge akasema, "nashuka. Sikai juu ya kitu kinachojaa kisichotoa. Kitapasuka nikiwa hapo nakula karanga?"

Nati ilikuwa inazunguka kwenye kidole cha Spana. Ikasimama.

Nilimtazama. Yeye alikuwa anatazama sakafu, halafu macho yakapanda taratibu, yakapita miguu yangu, yakapita ungo, yakafika kwenye ukuta nyuma ya kichwa changu. Kutoka ndani binti yangu alikuwa anaimba ule wimbo wake usio na maneno anaomwimbia mtoto. Na ukuta ukasema: tu. Tu-tu-tu.

Nilijua anachokijua, na yeye alijua kwamba najua. Lakini alikuwa ametoka kujisifu sasa hivi, mate hayajakauka. Matajiri wawili wa malori walikuwa wanamtazama. Nikamwona anapanga uso wake, anataka uwe uso wa mtu anayekwenda kunywa maji.

"Ngoja nikaangalie kitu kidogo," akasema. Akainuka polepole.

"Baba," nikamwambia, "kile kidude cha shaba ulikiziba chote?"

Hatua mbili alitembea. Ya tatu alikimbia.

Nikautupa mchele. Wale wawili wakatufuata bila kujua wanafuata nini. Ukumbini Spana alikuwa ameshaifikia swichi kubwa, akaishusha kwa kiganja, nyumba nzima ikazima, friji ikashusha pumzi. Tukasikiliza. Hita haikuzima. Maji yaliyokwisha kuchemka hayaambiwi na swichi. Tangi lilikuwa linaunguruma huko ndani kama mnyama kwenye gunia.

"Mama Mgeni! Toka nje!"

"Nini tena? Na taa mmezima! Mtoto ana sabuni mwili mzima."

"Toka naye hivyo hivyo!"

"Baba Mgeni, hii koki ya moto leo ina nini? Nikifungua inakohoa, inatoa moshi mtupu. Nimemwogesha kwa maji baridi, analia..."

"Usiiguse koki! Usiguse kitu! Mtoe mtoto kwenye beseni!"

Beseni lilikuwa mahali linapokaa siku zote. Chini ya tangi. Chini ya ule mdomo wa shaba wenye bolti.

Nafikiri ni sauti iliyomwambia binti yangu. Miaka yote hiyo ya ndoa hakuwahi kumsikia mumewe akiwa na sauti ile. Hakuuliza tena. Tukasikia maji yakimwagika, mtoto akipiga yowe, na mkono ukipapasa chuma upande wa ndani.

"Komeo," akasema. "Halitoki."

"Vuta kwa mikono miwili!"

"Mkono mmoja una mtoto!"

"Mweke chini!"

"Chini wapi? Anateleza kama samaki, chini wapi?"

Spana akautia bega mlango. Akarudi nyuma, akautia tena. Mlango ule unafungukia ukumbini, kuusukuma ndani ni kusukuma mlima, na yeye ndiye aliyeutengeneza, alijua, akausukuma hivyo hivyo. Alikuwa amesahau kila kitu. Nilimwona akitafuta mfukoni mwake kama Nahodha alivyotafuta kisu.

"Vuta kwa kiwiko, mwanangu," nikasema. "Bana mtoto kifuani, tia kiwiko."

"Nimetia, Mama. Mkono una sabuni. Mama, hiki kitu kinapiga kelele juu yangu."

Alisema *Mama* kama alipokuwa mdogo akiogopa radi.

Bonge ndiye aliyeuona. Alikuwa amebanwa nyuma yetu kwenye ule ukumbi mwembamba, hana pa kupita, kazi yake kutazama tu. Akautazama mlango kwa jicho la mtu wa malori.

"Spana! Huu si mlango. Huu ni ubao wa nyuma. Pini ziko upande wetu!"

Ubao wa nyuma wa lori, ukiwa na mzigo umeulalia na komeo limekataa, hupigani na komeo. Unang'oa pini za bawaba, ubao wote unashuka. Nahodha alikuwa ameshapotea, anakimbilia lori lililo karibu, na akarudi na nyundo na nondo ya kufungulia nati za tairi. Pini ya chini ikatoka kwa pigo la kwanza, ikaruka ikagonga ukuta. Ya juu Spana alikuwa ameifunga kwa waya. Kwa nini aliifunga kwa waya? Isije ikalegea.

Aliufungua ule waya kwa vidole na meno. Damu ilimtoka kwenye fizi, na nilimsikia anahema na kusema peke yake, "Njoo, njoo, njoo," kama anavyoliambia lori mlimani. Ndani hita ikaacha kuunguruma. Ikaanza kupiga mluzi mwembamba, na sauti hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.

Waya ukakatika. Bonge akapiga pini kutoka chini, mara moja, mara ya pili, ikapanda, ikaanguka.

Ubao ukalegea upande wa bawaba, ukaning'inia kwenye komeo lake, halafu uzito wote ukaanza kuja. Spana akaingia chini yake, akaupokea mgongoni kama gunia, magoti yakakunjika, akabaki ameinama. Palikuwa na nafasi chini ya kwapa lake, ndogo kama tundu la kuku.

"Pita," akasema.

Binti yangu akapita kwa magoti, mtoto amembana kifuani, maji yanamtiririka usoni. Nikampokea Mgeni akaniponyoka, Bonge akamdaka hewani na tumbo lake. Msinibishie hapa. Hili ni la kweli.

"Nje! Nje wote!"

Tukatoka kwa mlango wa uani, kwenye matope, tukajificha nyuma ya lori. Spana akaja wa mwisho. Aliuachia ule ubao, tukausikia ukianguka, na kabla hajafika kwenye lori, hita ikasema neno lake.

Mimi nimesikia matairi ya malori yakipasuka mbele ya miguu yangu. Hii ilikuwa mama yao. Kioo cha bafu kikaja uani vipande vipande, mvuke ukafuata, mweupe, mwingi, ukafunika kamba ya nguo na nguo zake. Halafu hakuna kitu. Maji tu yanachuruzika ndani, na kuku wanalalamika juu ya paa.

Mgeni alikuwa uchi kifuani kwa Bonge, amefunikwa na shati la Bonge ambalo lingeweza kufunika kijiji. Akatutazama wote, mmoja mmoja. Akapiga chafya.

Hakuna aliyecheka.

Maji yalipopoa wanaume wakaingia. Tangi lilikuwa bado liko ukutani, limevimba tumbo. Dari lilikuwa chini, na kilichotoka ni ile bolti. Ilikuwa imepita katikati ya beseni la bluu, ikapasua kigae, ikakaa humo, mpira wake umeungua. Fundi bomba alipoitwa aliichomoa kwa koleo akaigeuza geuza, akasema meno yake hayakuwa ya pale, ilisokomezwa tu kwa nguvu. Ingekuwa saizi yake ingeshika, na kama ingeshika lingepasuka tangi zima, na ukuta niliouegemea, na mimi. Kwa hiyo tuliokolewa na kazi mbovu. Spana alilisikia hilo amesimama, mikono ameining'iniza, na nadhani lilimwingia kuliko kelele zote za siku ile.

Binti yangu hakumgombeza. Ningeona afadhali angegombeza. Aliliosha beseni, akalikausha, na jioni mumewe alipokaa mezani, kwenye ile meza iliyopigiliwa sakafuni, akamwekea beseni mbele yake mahali pa sahani.

"Alikuwa amekaa hapa," akasema. Akaenda kumlaza mtoto.

Spana akaingiza kidole kwenye lile tundu. Kikapita chote. Akakaa hivyo. Nikamsogezea chakula, akasema, "Ahsante, Mama," na hakukigusa.

Kwa muda mrefu Mgeni aliogeshwa kwa maji ya sufuria, uani, kwenye jua, na mama yake hakutaka kusikia habari za bafu. Spana alikuwa akiyachota na kuyachemsha mwenyewe, anatia kiwiko chake kwanza, kisha anangoja aambiwe kama yanafaa. Mlango wa bafu sasa ni wa mbao nyepesi na kitasa cha kawaida. Kamba ya nguo ameifunga upya, mtu akivuta ncha inafunguka. Meza bado iko sakafuni, mazoea hayatoki yote kwa siku moja.

Hatimaye hita mpya ikafungwa, na fundi akaupitisha ule mdomo wa shaba kwa bomba jembamba hadi nje, juu ya mtaro. Chini yake mimi nimeweka kopo la mafuta, kwa sababu napenda kusikia. Na hii nayo inadondosha kidogo maji yakipata moto, fundi alisema ndivyo inavyotakiwa. Ti. Unangoja. Ti.

Juzi walikuwa barazani tena, wote watatu. Nahodha anaeleza jinsi anavyoishika kamba ya tanga siku hizi mpaka kiganja kimeota sugu, na Spana alikuwa amekwenda naye ziwani, eti aliishika yeye kamba njia nzima, hakuifunga hata alipotaka kujikuna. Mgeni alikuwa anatambaa kuelekea kwenye kopo. Bonge akatega sikio.

"Spana, bomba lako linavuja."

Niliuona mkono wa mkwe wangu. Uliondoka wenyewe kwenye goti, ukaelekea kwenye mfuko wa nyuma anakoweka spana. Ukafika nusu. Mama Mgeni alikuwa amesimama mlangoni na taulo shingoni, anautazama.

Mkono ukageuka njiani, ukamnyanyua mtoto.

"Liache livuje," akasema. "Mama Mgeni, bafu liko tayari. Nimelisikia kopo."

Binti yangu akasikiliza kwanza. Ti, likasema kopo. Akamchukua mtoto, akaingia ndani, na mlango mwepesi ukafungwa nyuma yao bila kelele yoyote.